Mwendo wa Ishirini na Tatu

Kadi ishirini na tisa, mkono wa Gaudensi Nnunduma,
mganga wa mifugo, Liwale.
Mimi Somoe, karani wa mizani, ghala la korosho, Newala.
Miezi kumi na tisa ya sataranji kwa posta
na uso wake siujui.

Nazipanga tena leo, ukungu umeziba dirisha.
Vitunda ni vizibo vya soda.
Ngome ni mawe ya mizani, robo kilo kila moja,
niliondoka nayo siku ya kustaafu. Mungu anisamehe.

Wa kwanza: 5254. Akajibu 5755.
Hodi na karibu, basi.
Wa pili: farasi wangu 7163, farasi wake 2836,
na pembeni: "Nimechelewa, kuna mbwa kichaa Kibutuka."
Bwana posta aliniuliza tarakimu hizi ni siri ya nani.
Siri ya mfalme, nikasema. Hakucheka.

Wa tisa nilicheza ovyo. Wiki ya mnada,
magunia hadi mlangoni, nani ana akili?
Wa kumi na nne, askofu wake akakaa 26,
kimya, kama mdai anayeijua njia ya kwako.
Wa kumi na saba ningeondoa farasi. Sikuondoa.

Halafu masika.
Wiki saba hakuna gari la Liwale.
Kadi ya ishirini na tatu ilifika imevimba
kama muhogo uliorowekwa, wino umetambaa:

5553.

Ngome yake! Kutoka 55,
kaiingiza mwenyewe mdomoni mwa kitunda changu.
Kafara.
Nililala na ngome ile, nikaamka nayo.
Mkulima wa Kitangari alinirudisha kwenye mizani mara mbili:
"Mama, umesoma kilo za nani?"
Nikiila, askofu wa 26 anashuka, anamtisha mfalme.
Na baada ya hapo?
Sikuona kitu, nikakiogopa hicho nisichokiona.
Nikamsogeza mfalme pembeni, 7181.
Miendo sita mbele nikasalimu amri, nikamwandikia:
"Ngome ile, Gaudensi. Maishani sijaona kama ile."
Alinijibu habari za mvua.

Leo nimeazima kioo cha fundi saa.
3 za Gaudensi, kadi zote, zina kichwa bapa kama jembe.
Itazame ile ya 2836.
Hii ya mwendo wa ishirini na tatu kichwa chake ni duara.
Hii si 3.
Ni 8 iliyooshwa upande wa kushoto.

5558. Ngome ilikuwa inarudi nyumbani,
kulinda mlango wa nyuma.
Mwendo wa mtu mwangalifu
mwenye ng'ombe wa kuchanja alfajiri.

Mvua ndiyo iliyocheza.

Napima upya, polepole, kazi niliyolipwa maisha yangu yote.
6253, kizibo kinakula jiwe.
2653, askofu anakula, anatisha. Mfalme 7181.
Kisha? Hana kitu.
Robo kilo nzima imo kiganjani mwangu.
Nilikuwa nimeshinda, na nilimkimbia
mgeni ambaye hata hodi hakupiga.

Lakini ngoja.
Kadi yangu, kama ilivyo ada, ilirudia mwendo wake
kabla ya kutaja wangu. Aliusoma: 5553.
Mkono wake aliujua.
Mstari mmoja ungetosha: Somoe, umesoma vibaya.
Badala yake alinyoosha mkono kule Liwale,
akaitoa ngome yake 58,
akaiweka pale nilipoiona mimi.

Aliniibia?
Au aliona jinsi nilivyoistahi, akashindwa kuniharibia?
Wachambuzi huweka alama pembeni mwa mwendo:
ya mshangao kwa uliotukuka, ya kuuliza kwa wenye walakini.
Huu nauwekea zote mbili.
Kalamu iko juu ya kadi, ukungu unaanza kuachia,
na bado sijui
ipi itangulie.